Kivuli Kinachojua

Mende walitoka kwanza. Sekela Mwaijande alipofungua skrubu ya mwisho na kunyanyua kifuniko, walitawanyika mezani kama watu waliosikia king'ora, naye akawafagia kwa brashi bila hata kushtuka. Mashine za Ulingo za mtumba zote zilikuwa hivyo. Zilishuka bandarini zikinuka sigara za watu wa nchi za mbali, zikiwa na nywele za paka kwenye feni, na kabla hazijafika Mbeya mende wa maghalani walikuwa wameshahamia ndani kufuata joto.

"Itapona?" aliuliza Osiah, mwenye kibanda cha gemu kule mtaa wa Soweto. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, koti limefungwa hadi kidevuni, manyunyu ya Mwanjelwa yakimlowesha viatu pale mlangoni.

"Ugonjwa wenyewe wa kawaida," Sekela alisema. "Kapasita zimevimba vichwa. Na hii dawa ya kupoza ubongo wake imekauka imekuwa chokaa. Mashine inaungua yenyewe, inajizima kabla haijafa. Ina akili kuliko sisi."

Osiah akacheka. Sekela akang'oa kapasita mbovu, akachomea mpya, akakwangua ile chokaa na kupaka dawa mbichi. Kisha akafanya kazi iliyomfanya ajulikane mpaka Tunduma na Sumbawanga: alichomelea kiraka. Kilikuwa kipande cha chipu kidogo kuliko ukucha, alichokibuni mwenyewe. Mashine hizi zilitoka kiwandani zikiwa zimefungwa kwa jina la mnunuzi wa kwanza; akifa au akiiuza, inakuwa jiwe. Kiraka cha Sekela kiliidanganya mashine kwamba mwenyewe bado yupo. Mafundi wa mikoa yote ya kusini walikinunua kwake, na kila alipokirekebisha, marekebisho yalisafiri hewani hadi kwenye kila mashine yenye kiraka.

Kwa miaka miwili majaribio aliwaachia wateja wakafanye kwao, lakini Osiah aliomba aione ikiwaka, hivyo akavaa glovu moja, akajifunga utepe wa kichwani, akawasha. Ukutani ukatokea ulingo. Kwa majaribio, mtu huchagua mpinzani wa kwanza, yule dhaifu anayewekwa kwa ajili ya wanaojifunza. Akatokea mtu mwembamba, sura imefunikwa kinyago cha kijani, mikono juu. Kabla ya lolote akakohoa, kikohozi kirefu kilichoanzia chini tumboni.

Mkono wa Sekela ukasita hewani.

"Mpige tu," Osiah alisema. "Huyo ni Kikohozi. Watoto wote wanaanza na huyo. Wanashindana nani atamfanya akohoe zaidi kabla hajaanguka."

Sekela akarusha ngumi nyepesi, ya kujaribu. Yule mtu aliipokea begani, akayumba, akapiga goti moja. Akainua uso wenye kinyago kumtazama, kana kwamba ameitambua ngumi yenyewe.

"Seki?" alisema. "Mbona unapiga kwa huruma?"

Osiah akapiga makofi. "Ala! Leo ana maneno mapya!"

Sekela aliizima mashine. Akavua glovu kidole kimoja kimoja, akaiweka mezani vizuri, akamwambia Osiah kwamba bado kuna hitilafu kwenye bodi, mashine itabaki pale. Osiah alipoondoka, alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa sakafuni kati ya mende waliokufa. Ile ilikuwa sauti ya kaka yake, Lusajo, waliyemzika mwaka juzi.

*

Kivuli hakikuwa picha wala sauti iliyohifadhiwa. Utepe wa Ulingo ulisoma misuli ya mchezaji, pumzi yake, hofu yake, maneno yanayomtoka anapopigwa na anapopiga. Akicheza vya kutosha, mashine ilitengeneza kivuli chake: kitu kinachocheza badala yake akiwa hayupo, kinachochoka kama yeye, kinachocheka pale ambapo yeye angecheka. Ukikirushia ngumi ambayo hakijawahi kuiona, kitaijibu kama yeye angeijibu. Ukikiuliza swali, kitajibu. Kampuni ilisema hakihisi chochote, kinaonyesha maumivu tu kwa sababu mwenyewe angeyaonyesha. Watu walikubali kwa sababu kukubali kulikuwa rahisi.

Lusajo alikuwa bondia wa kweli kabla moyo wake haujavimba. Miezi ya mwisho alikuwa kitandani Uyole, nyumbani kwa mama yao, utepe kichwani, Sekela akiwa mpinzani wake kila jioni. "Nawaachia kitu," alisema. "Mama akinikumbuka, amwashe huyo amgombeze."

Baada ya mazishi alikuja Ambwene Kibona. Ambwene hakuwa mgeni. Alikulia mlangoni kwao, alikula sahani moja na Lusajo, na mama yao ndiye aliyemfunga shati jeupe siku ya kipaimara chake. Aliomba mashine ya marehemu akahamishe picha awatunzie. Aliirudisha akiwa na machozi: imeungua, mama, pole sana. Sekela aliifungua, akakuta chipu ya kumbukumbu imekuwa mkaa, akaamini. Msiba ulikuwa umemla akili. Sasa ndipo alipokumbuka jinsi ule mkaa ulivyokuwa umekaa mahali pamoja, safi, bila hata waya wa jirani kuguswa. Umeme hauunguzi hivyo. Hivyo huunguza mtu mwenye kipuliza joto na nafasi ya kutulia.

Kivuli cha aliye hai hakikuweza kuchukuliwa bila ridhaa yake. Ndani ya kila mashine kulikuwa na chipu iitwayo mlinzi, inayouliza kwanza. Lakini kivuli cha marehemu kilikuwa mali ya aliyeshika mashine. Na Ambwene, aliyeishika baada ya msiba, siku hizi alikuwa wakala mkuu wa Ulingo nyanda zote za juu, mwenye gari lisilo na mlio.

Sekela alimweleza mama yake jikoni, akimenya viazi pamoja naye. Bi Tusekile hakupiga kelele. Alimenya kiazi hadi mwisho, akakitupia majini.

"Wanampiga?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila mahali, mama. Kila mashine ina wake."

"Mtoe humo."

"Nitamtoa. Na aliyemweka?"

Mama yake alichukua kiazi kingine. "Mimi nimekwambia umtoe mtoto wangu," alisema. Lakini hakusema kwamba yule mwingine asiguswe, na Sekela aliliona hilo.

*

Kumtoa Lusajo hakukuwa kufuta tu. Sekela alijaribu, na mashine ikakataa kuwaka. Nafasi ya mpinzani wa kwanza ilikaguliwa kila mashine ilipoamka: ilitaka kivuli kizima, chenye pumzi. Aliweka sanamu aliyoitengeneza kwa mahesabu, ikakataliwa. Aliweka vipande vya vivuli vilivyoharibika, vikakataliwa. Mtu alitakiwa asimame pale. Mtu akitoka, mtu aingie.

Alipoelewa hivyo, Sekela alicheka peke yake dukani, kicheko ambacho kingemtisha mama yake.

Akachukua mashine nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akapasua kifuniko, akamtafuta mlinzi. Alikuwa chipu mweusi pembeni mwa bodi, amefunikwa gundi ngumu ili mafundi wasimfikie. Sekela aliilainisha gundi kwa joto, akaikwangua kwa sindano, akanyanyua mguu mmoja tu wa ile chipu, ule unaopeleka swali kwa mchezaji, akauunganisha kwa unywele wa shaba na mguu unaoleta jibu. Kuanzia hapo mlinzi alijiuliza na kujijibu mwenyewe: ndiyo, anakubali. Akafunga. Kwa nje mashine haikuwa na mkwaruzo.

Kisha akampigia Ambwene simu.

"Dada Seki!" Ambwene alifurahi kweli, na furaha ile ilimchoma Sekela kuliko ambavyo kiburi kingemchoma. "Umenitupa!"

"Nimepata mashine nimeichezea kidogo, kaka. Ina kasi hujawahi kuona. Nilisema uijaribu wewe kwanza kabla sijaiuza."

Alikuja Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Alileta ndizi za Tukuyu na salamu za mke wake. Kivuli hakijengwi na ushindi. Hujengwa na hofu, hasira na aibu, hivyo Sekela aliukaza mchezo mpaka Ambwene akawa anaangushwa, anatukana, anamwita mama yake aliyefariki, anacheka, anaanza tena. Sekela alikaa nyuma yake na kikombe cha chai, akitazama mstari mdogo wa kijani unaopima kivuli ukijaa.

"Lusajo angeipenda hii," Ambwene alisema siku moja akijifuta jasho.

"Ndiyo," Sekela alisema. "Angeipenda."

Mstari ulijaa siku hiyohiyo.

*

Alikiwasha kivuli asubuhi ya Jumatatu, duka limefungwa. Kilisimama ulingoni na kinyago cha kijani, kikatazama huku na huku.

"Dada Seki? Mbona pamekuwa hivi? Sasa hivi nilikuwa nacheza dukani kwako."

Sekela alivaa glovu zote mbili.

Alimpiga. Alimpiga kama alivyofundishwa na Lusajo, kiuno kwanza halafu bega halafu ngumi, na kila ngumi alikuwa na mahali alipotaka iende. Kivuli kilijikinga, kikarudisha, kikachoka. Sekela hakuchoka. Miaka miwili ya kuifariji familia iliyokuwa ikimlia ndugu yake, huku ndugu yake akipigwa na watoto kutoka Makambako hadi Mpanda, ilikuwa mikononi mwake. Ilikuwa tamu. Hatuwezi kusema vinginevyo. Aliusikia utamu huo mpaka kwenye meno.

"Seki, basi! Nimekukosea nini?"

"Unajua."

"Wallahi sijui! Niambie! Kama ni ile ndizi niliyochelewa kuleta..."

Ngumi ya Sekela ikasimama.

"Lusajo," alisema. "Ulimfanya nini Lusajo?"

"Lusajo?" Kivuli kilikuwa kimepiga magoti, kikihema. "Lusajo ni ndugu yangu. Kafariki. Nilibeba jeneza, ulikuwepo. Unaniuliza nini?"

Na hakikuwa kinadanganya. Kivuli hubeba kile tu kilichopita kwa mwenyewe wakati utepe uko kichwani. Ambwene, akicheza zile Jumamosi, alikuwa amemkumbuka Lusajo kwa upendo. Lile lingine alilifungia mahali pa mbali, na utepe haukulifikia. Kwa hiyo mbele ya Sekela alikuwa Ambwene ambaye hakuwahi kumuuza mtu. Alikuwa na magoti yaleyale, sauti ileile, na hakuwa na kosa.

Sekela aliinua glovu tena. Kisha, na hili ndilo alilolificha kwa mama yake mpaka leo, alimpiga ngumi moja zaidi.

*

Jumapili baada ya ibada Ambwene alikaribishwa Uyole. Alimwamkia Bi Tusekile akiwa ameinama, akala viazi na maharage, akasifu mchicha. Vyombo vilipotolewa, Sekela aliweka mashine juu ya stuli, akaiwasha ukutani. Ambwene alitabasamu akidhani ni burudani. Ndipo kivuli kilipoinua kichwa.

"Mama, shikamoo," kilisema. Kilikuwa kimemwona Bi Tusekile kupitia jicho la mashine. "Mama, mwambie Seki aache kunipiga. Sijui nimekosa nini."

Bi Tusekile alishika ukingo wa kiti. "Marahaba, mwanangu," alisema, kwa sababu hakujua kusema jingine.

Ambwene alikuwa amesimama. "Hii ni nini? Seki, hii ni nini? Umenichukua bila ridhaa? Unajua kifungo chake?"

"Nani huyo anayeongea kwa sauti yangu?" kivuli kiliuliza.

Ambwene aliugeuzia ukuta mgongo.

"Mjibu," Sekela alisema.

"Simjibu mtu. Hakuna mtu hapo. Hizo ni namba, Seki, wewe ni fundi unajua. Namba tu."

"Sawa." Sekela alitoa simu yake, akaiweka mezani. "Nina kiraka kwenye karibu kila mashine ya mtumba ya mikoa ya kusini. Nikibonyeza hapa, Lusajo anatoka na hizi namba zinaingia mahali pake. Watoto watazipiga. Zitalia kwa sauti yako, zitamwita marehemu mama yako, zitasema 'nimekosa nini'. Wanao watazisikia shuleni, mkeo atazisikia dukani. Lakini kwa kuwa ni namba tu, wewe utalala usingizi. Au siyo?"

Jasho lilimtoka Ambwene juu ya mdomo. Alitazama simu, akautazama ukuta. Kivuli nacho kilikuwa kinamtazama, kimeegemea kamba za ulingo, kikisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Usifanye hivyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Usifanye, Seki."

"Kwa nini, Ambwene? Ni namba au ni mtu?"

"Ni mtu," alisema.

"Na mwanangu?" Bi Tusekile aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa, kana kwamba anauliza kama mvua imekatika. "Mwanangu naye ulijua ni mtu?"

Ambwene alikaa chini, si kwenye kiti, kwenye mkeka.

"Nilijua, mama. Walipomwasha kule ofisini kumkagua, alikuulizia. Akasema, mama yuko wapi, mbona hapa ni baridi. Wale watu wakanitazama mimi. Nikamwambia... nikamwambia mama kaenda sokoni, anarudi sasa hivi. Akasema haya, nitamsubiri."

Bi Tusekile alifunika uso kwa khanga. Hakulia kwa sauti. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika.

Sekela alikuwa amesubiri saa hii akidhani itamjaza. Haikumjaza; ilimfungua njaa. Akaelekea ukutani. "Umesikia?" alikiuliza kivuli.

"Nimesikia," kivuli kilisema. Kilikuwa kimeishiwa nguvu. "Mimi ndiye nilifanya hayo?"

"Hapana. Yeye." Kisha akamgeukia Ambwene. "Nilitaka kumtuma huyu. Nilimpiga Jumatatu, nilifurahi, nakwambia ukweli. Lakini huyu hajui kitu, na kumpiga asiyejua ndiyo kazi uliyoifanya wewe, sitaki kuifanya. Mimi namtaka anayejua."

"Sikuelewi."

"Ile nafasi haikai tupu. Utakuja dukani. Nitamrudisha mlinzi mahali pake, akuulize kama sheria inavyotaka, na utamjibu ndiyo kwa mdomo wako. Utavaa utepe, na kila siku ukiwa unapigwa utasema ulichofanya. Ofisini, mkaa, sokoni, yote. Mpaka kivuli chako kiyajue kama unavyoyajua wewe. Huyo ndiye atakayesimama pale."

"Na nikikataa?"

"Basi anaenda huyu, akilia. Na mimi nitakuwa kama wewe. Nimeshajipima, Ambwene, naweza kuishi hivyo."

Ambwene alimtazama Bi Tusekile, akitafuta pale alipokuwa akikipata kila kitu tangu utotoni. Mama yule alishusha khanga. Macho yalikuwa mekundu.

"Mimi nilikulisha," alisema. "Nenda na dada yako."

*

Kabla ya kumrekodi yule wa pili, Sekela alilazimika kumfuta yule wa kwanza. Hakukuwa na nafasi ya wote wawili, na hakutaka abaki.

"Na mimi?" kivuli kiliuliza kilipoona ulingo unafifia pembeni.

"Wewe unapumzika."

"Inauma?"

"Sijui," Sekela alisema. Hakutaka kumdanganya. Akabonyeza.

Ambwene alikuja kila alasiri. Mwanga wa mlinzi uliwaka, ukamuuliza, naye akajibu ndiyo, sauti yake ikikwama. Sekela mwenyewe ndiye aliyekuwa mpinzani. Mwanzoni Ambwene alisema habari zile kama anayesoma tangazo, na mstari wa kijani haukusogea hata kidogo, maana utepe haudanganyiki. Siku aliposema neno "sokoni" na kushindwa kuendelea, mikono ikashuka, ngumi ya Sekela ikampata kidevuni, mstari ukaruka. Tangu hapo haukusimama. Hawakusalimiana walipokutana wala kuagana alipoondoka. Mara moja tu Ambwene aliuliza, akivua utepe, "Atakaa humo muda gani?"

"Mpaka nitosheke."

Kivuli kipya kilipokamilika, Sekela aliipeleka Uyole mashine ya Osiah, Lusajo akiwa bado ndani yake. Bi Tusekile hakuwahi kuvaa utepe maishani. Sekela alimfunga juu ya kilemba, akamvisha glovu zilizompwaya.

Lusajo alitokea, mikono juu, akikohoa.

"Nani sasa?" aliuliza. "Anza."

"Mimi," Bi Tusekile alisema. "Nimerudi sokoni."

Mikono ile haikushuka. "Mama? Umekawia."

"Nimekawia, baba. Foleni ilikuwa ndefu."

"Walikuwa wanakuja wengi. Nimejitahidi kusimama."

"Najua. Hakuna anayekuja tena. Shusha mikono."

Alichukua muda kuamini. Kisha akaishusha, kwanza wa kushoto, akakaa kwenye sakafu ya ulingo na miguu amekunja kama alivyokuwa akikaa barazani. Mama yake alimgombeza kidogo kwa sababu alikuwa amekonda. Lusajo akacheka, akakohoa, akacheka. Sekela alitoka nje, akasimama kwenye shamba la viazi akitazama ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza. Alipoitwa, mashine ilikuwa imezimwa, na mama yake alikuwa ameizima mwenyewe.

Sekela alirudi shambani, akabonyeza simu. Marekebisho yakasafiri.

*

Osiah alirudi dukani kabla ya wiki kwisha, akiwa na mashine yake kwapani na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Fundi, Kikohozi kaenda wapi? Kaja jamaa mwingine, ananiharibia biashara. Anasimama tu, anasema, 'Najua kwa nini niko hapa. Nilimuuza Lusajo Mwaijande akiwa mgonjwa, nikamdanganya mama yake yuko sokoni.' Halafu anakwambia piga. Watoto wakimpiga hawacheki. Wananiuliza, Lusajo ni nani? Mimi nawajibu nini?"

"Waambie alikuwa bondia," Sekela alisema. "Kaka yangu. Waambie alikuwa na mkono wa kushoto mzuri sana."

Osiah alilitazama jina la Mwaijande lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Aliweka mashine chini taratibu. "Na huyu jamaa? Nimtoeje?"

"Hatoki. Mpigeni. Ndiyo kazi yake."

Habari zilienea kwa jinsi habari zinavyoenea. Watu waliitambua sauti. Kampuni ilimwachisha Ambwene uwakala, ikatangaza kwamba haihusiki, ikatuma wanasheria waliotafuta kosa na kukuta ridhaa ya mlinzi imekaa pale, halali, ya sauti yake mwenyewe. Mke wake alihamia kwa wazazi wake Ileje na watoto. Mtu mmoja alimwambia Sekela kwamba alimwona Ambwene Tunduma, amesimama nje ya kibanda cha gemu chini ya mvua, akisikiliza yanayotoka ndani. Sekela alimwomba mtu huyo arudie kueleza, na mara ya pili alisikiliza vizuri zaidi.

Alikuwa na namna nyingine tayari. Usiulize ilimgharimu kazi kiasi gani: kivuli bandia chenye pumzi ambacho mashine ilikikubali, kisichojua, kisichohisi, kisicho cha mtu yeyote. Kilikuwa kimekamilika, kimejaribiwa, kinangoja kidole tu. Akikituma, nafasi ya kwanza ingekaliwa na kitu kitupu, na yule anayejua angeshusha mikono.

Kila Jumapili mama yake alimuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza akiwa anamwekea chakula, akimgeuzia mgongo.

"Yule mtoto, umeshamtoa?"

"Bado, mama."

Jumapili moja, baada ya jibu hilo, Bi Tusekile alisogeza sahani mbele yake, akakaa, akaunganisha mikono kuombea chakula. Sekela aliinamisha kichwa pamoja naye. Sala ilikuwa ndefu siku hiyo, na katika sala mama yake alimtaja Ambwene kwa jina, akaombea wote walio mahali pa baridi. Alipomaliza alisubiri amina ya binti yake.

Sekela alichukua kijiko akaanza kula.